Mbwa niliyemwokoa amebaki mifupa mitupu: nimrudishieje uzito bila kumdhuru?

Mlezi Mpya

Ndugu wanajukwaa, naombeni ushauri wenu. Siku 4 zilizopita nilimchukua mbwa dume wa makamo aliyekutwa amefungiwa ndani ya nyumba ambayo wenyewe walikuwa wamehama, na hakuna anayejua alikaa humo siku ngapi bila chakula. Nimewahi kufuga mbwa, lakini sijapata kuona aliyekonda namna hii. Mbavu zake zinahesabika hata ukiwa umesimama upande wa pili wa chumba, mifupa ya nyonga imechomoza kama pembe za meza, na nikipitisha kiganja mgongoni kuelekea mkiani nahisi pingili moja moja kama mafundo ya kamba. Akijilaza sakafuni hatulii. Baada ya dakika chache huinuka na kugeukia upande mwingine, nadhani kwa sababu mifupa inamuuma.

Usiku wa kwanza nilifanya kosa ambalo nalikiri. Huruma ilinizidi, nikamjazia bakuli la chakula kikavu, naye akalimaliza kabla sijaketi. Haikupita saa moja akatapika punje zote zikiwa nzima, zimevimba kwa maji tu, kisha akataka kuzila upya. Tangu hapo nampa wali laini uliolowekwa kwa mchuzi wa kuku, kidogo kidogo, lakini anaharisha kinyesi chepesi chenye utelezi na njaa haimwachi. Hunifuata kila niendapo, hulamba sakafu, na jana nilimkuta akitafuna udongo wa chungu cha maua.

Je, nimwachie chakula muda wote ale mpaka ashibe mwenyewe, au nimpimie? Nimeshauriwa nimwongezee mafuta na mayai ili anenepe upesi; ushauri huo ni sahihi? Dawa ya minyoo nimpe leo au nisubiri kwanza apate nguvu? Tena nitajuaje kwamba mambo yanakwenda vizuri, maana kwa macho yangu yuko vile vile alivyokuja?

Daktari wa Mifugo Mstaafu

Pole kwa kazi hiyo, ndugu yangu. Nianze na lililo la haraka: mbwa huyu anatakiwa kuonwa na daktari leo au kesho, wala si wiki ijayo, na apimwe damu. Kosa la usiku wa kwanza usijilaumu nalo sana, maana hulifanya karibu kila mtu. Lakini ni vizuri ulielewe, kwa kuwa ndilo linaloua mbwa wengi waliokwisha kuokolewa.

Mwili unaponyimwa chakula kwa muda mrefu huacha kutegemea wanga, ukaanza kuchoma mafuta yake na baadaye misuli yake yenyewe. Katika kipindi hicho akiba ya madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu iliyomo ndani ya seli hupungua siku hadi siku, ingawa kipimo cha damu kinaweza bado kuonyesha viwango vya kawaida. Siku chakula kinaporudi kwa wingi, hasa chakula cha wanga, sukari hupanda katika damu, kongosho humwaga insulini, na insulini hiyo huyavuta madini machache yaliyobaki kwenye damu na kuyaingiza ndani ya seli kwa mkupuo. Fosfeti ikishuka ghafla, chembe nyekundu za damu hupasuka na misuli hulegea, ikiwamo misuli ya kupumulia. Potasiamu ikishuka, moyo hupiga ovyo. Vitamini B1 nayo huisha upesi kwa sababu inahitajika katika kuuchakata wanga, na upungufu wake hugusa ubongo. Kwa hiyo mnyama aliyevumilia njaa siku nyingi anaweza kufa siku ya 3 au ya 4 tangu aanze kula vizuri. Kwa binadamu jambo hili lilidhihirika mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, pale mateka waliokuwa wamedhoofika kwa njaa walipoanza kulishwa, na baadhi yao wakafa wakiwa tayari mikononi mwa waliowakomboa. Sitashangaa kama kule kutapika kwa mbwa wako ndiko kulikomnusuru.

Kutokana na hayo utaona kwamba njaa yake haiwezi kuwa kipimo cha kiasi cha kumpa. Usimwachie chakula muda wote. Utaona pia kwamba wali mtupu, ambao wengi wetu tunauhesabu kuwa chakula chepesi cha mgonjwa, haumfai katika siku hizi: una wanga mwingi, protini haba, na madini anayoyahitaji hayamo. Anachohitaji ni chakula kamili cha mbwa, chenye protini na mafuta ya kutosha na wanga kidogo kadiri utakavyopata. Chakula cha mbwa wachanga hufaa mara nyingi, kwa kuwa kiasi kidogo chake hubeba nishati nyingi, na cha makopo huwa na wanga mdogo kuliko kikavu.

Kuhusu kiasi, kuna hesabu rahisi inayotosha kwa mbwa wenye uzito wa kati. Chukua uzito wake wa sasa kwa kilo, zidisha kwa 30, kisha ongeza 70. Jibu ni kilokalori anazotumia kwa siku akiwa amepumzika tu. Tuseme ana kilo 14: 14 mara 30 ni 420, ukiongeza 70 unapata 490. Aliyekaa bila chakula kwa siku nyingi huanzishiwa robo ya kiasi hicho, yaani kilokalori 120 hivi kwa siku nzima, zigawanywe katika milo 4. Kama chakula chako kina kilokalori 370 kwa kila gramu 100 (tazama kwenye mfuko, huandikwa), hiyo ni gramu 33 tu kwa siku, na kila mlo hauzidi kijiko kimoja kikubwa. Najua itakuuma kumpa kijiko kimoja mbwa anayekutazama kwa macho yale. Kiasi hicho hupandishwa kidogo kila siku, na katika siku 4 hadi 7 huwa kimefika 490 kamili, mradi hatapiki, haharishi zaidi na damu yake iko sawa. Wako ameshakula siku 4, hivyo daktari atakayempima ndiye atakayeamua aanzie robo au nusu. Usikate shauri hilo peke yako.

Maji safi awe nayo wakati wote. Dawa ya minyoo isubiri kinyesi kipimwe na daktari amsikilize moyo, kwa sababu mbwa dhaifu mwenye minyoo mingi anaweza kuzidiwa minyoo hiyo inapokufa kwa pamoja. Lakini hilo la kula udongo limenishtua. Inua mdomo wake wa juu utazame ufizi. Ukiwa mwekundu wa kufifia kama ulimi wenye afya, vizuri. Ubonyeze kwa kidole, ukiachia rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ukiwa mweupe au wa kijivu, ana upungufu wa damu, na wa kwanza kushukiwa ni minyoo ya safura, ambayo hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu, na pia magonjwa yanayoletwa na kupe.

Na katika siku hizi za mwanzo ukiona anayumba, anatetemeka, anahema haraka akiwa amelala, mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia, miguu imevimba au amepata degedege, usingoje jibu la jukwaani. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Mlezi Mpya

Ahsante sana, Daktari. Nilimpeleka asubuhi ile ile niliposoma maneno yako, na nimerudi kutoa taarifa. Uzito wake ni kilo 14 kamili, mfano wako uliangukia pale pale. Daktari aliyempima anakadiria kwamba kwa mifupa aliyo nayo angepaswa kuwa na kilo 20 au zaidi kidogo, na akamweka ngazi ya 2 kwenye kile kipimo cha hali ya mwili chenye ngazi 9, ambacho 1 ni mifupa mitupu na afya njema ni 4 hadi 5. Fosfeti yake ilikuwa chini kidogo ya kiwango, potasiamu ilikuwa ya kawaida. Ufizi wake, ambao sikuwahi kuutazama hata siku moja, ulikuwa mweupe kama karatasi iliyofifia, na kinyesi kilikutwa na mayai mengi ya safura. Alilazwa siku 2 akatiwa dripu yenye fosfeti, akachomwa vitamini B1, na damu yake ikapimwa kila siku. Dawa ya minyoo alianza siku ya 2, na ameagizwa kurudia baada ya wiki 3.

Sasa yuko nyumbani, anakula nusu ya kile kiasi kwa milo 4, chakula cha kopo kilichochanganywa na kikavu kilicholowekwa. Kinyesi kimeanza kushikana. Tatizo nililo nalo ni la mwenendo. Bakuli likishuka tu anakula kama anayekimbizwa, huku ananguruma nikipita nyuma yake, na katikati ya milo analia mlangoni. Hapa nyumbani kuna mbwa mwingine, jike mzee mpole, na naogopa siku moja watararuana.

Bibi wa Mbwa Sita

Mwanangu, hilo la kunguruma lisikutie hofu wala lisikukasirishe. Mimi nimepokea wa namna hiyo kwa miaka mingi, wengine wakiwa wamebakiza pumzi tu, na karibu wote hunguruma mwanzoni. Usimkemee na wala usitie mkono bakulini kumwonyesha nani mwenye nyumba, maana utamthibitishia kwamba hofu yake ilikuwa ya haki. Mlishe katika chumba chake, mlango umefungwa, jike wako akiwa upande mwingine kabisa, kisha uondoke. Akimaliza, mwite kwa jina atoke, ndipo uingie kuchukua bakuli. Mimi huongeza kitu kimoja: kila ninapopita kwa mbali wakati anakula, namrushia kipande kidogo cha nyama alichopangiwa kwenye kiasi chake cha siku. Baada ya wiki kadhaa anaponiona napita huinua kichwa kwa matumaini badala ya kunguruma.

Kuhusu ulaji wa pupa, liache bakuli kabisa. Tandaza chakula kwenye sinia pana au bati la kuokea, kiwe tabaka jembamba, alambe polepole. Kama lazima iwe bakuli, weka ndani yake jiwe safi, kubwa kuliko mdomo wake, alizunguke. Hili si la adabu tu. Mbwa mwenye kifua kirefu anayejaza tumbo kwa mkupuo mmoja na kumeza hewa yuko katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipindua. Utamwona anajaribu kutapika bila kutoa kitu, tumbo limekaza kama ngoma, na hapo huna saa nyingi mkononi. Kwa hiyo milo iwe midogo, na asikimbizwe mara tu baada ya kula.

Kulia mlangoni kutapungua, lakini kwa pole pole mno. Mbwa aliyeshinda na njaa hajifunzi kwa tumbo kwamba chakula kitarudi. Anajifunza kwa saa. Mpe milo kwa nyakati zile zile kila siku, hata siku za mapumziko unapotamani kulala, na utaona anaanza kungoja badala ya kulia.

Mtandikie kitu kinene. Umesema hatulii sakafuni, na ni kweli inamuuma, kwa sababu hakuna nyama kati ya mfupa na sakafu. Ukichelewa, viwiko na nyonga vitapata vidonda ambavyo kwa mwili usio na protini haviponi upesi. Blanketi lililokunjwa mara 4 linatosha. Mfunike usiku pia, maana hana mafuta ya kumkinga na baridi, na kila nishati anayoitumia kutetemeka ni nishati ambayo haiendi kwenye mwili. Kwa sababu hiyo hiyo mimi siwaogeshi wiki ya kwanza hata wakinuka vipi. Nawafuta kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na kuwakausha papo hapo.

Na uzito: pima siku moja ile ile kila wiki, asubuhi, kabla hajala. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Andika kwenye daftari. Mpige picha akiwa amesimama, ubavuni na kutoka juu, mahali pale pale, kwa sababu macho yanayomwona kila siku hayaoni kitu. Siku za kwanza uzito ukiruka ghafla usishangilie, mara nyingi ni maji tu.

Mpenda Mbwa

Mimi naomba kuuliza juu ya yale mafuta, kwa kuwa mwenye swali hakujibiwa moja kwa moja. Mwaka jana nilipokea jike aliyekonda, nikawa namtilia vijiko 2 vya mafuta ya kupikia kila mlo na vipande vya mafuta ya nyama vilivyobaki mezani. Wiki ya 2 alianza kutapika, akawa anasimama ameinamisha kifua chini na makalio juu, hataki kuguswa tumbo. Ilikuwa kongosho limevimba, na alikaa hospitali siku 5. Alipona, lakini tangu hapo hawezi kula chochote chenye mafuta mengi. Je, ni mafuta yenyewe mabaya au nilizidisha?

Daktari wa Mifugo Mstaafu

Ulizidisha, na zaidi ya hapo uliyaleta ghafla. Mafuta yenyewe ni rafiki wa mbwa aliyekonda, kwa kuwa gramu 1 hubeba nishati zaidi ya mara 2 ya protini au wanga. Shida ni kwamba yanatakiwa yawemo ndani ya chakula kilichopangwa, wala si kumwagwa juu yake. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kilokalori 120 hivi. Linganisha na hesabu yetu ya hapo juu: hicho ndicho chakula chote cha siku ya kwanza cha mbwa wa kilo 14, lakini hakina protini hata chembe, wala fosfeti, wala vitamini B1. Ukimpa vijiko 2, unamjaza nishati na kumwacha na njaa ya vitu vinavyojenga misuli, na huyu alipoteza misuli mingi.

Yai lililoiva, moja kwa siku kwa mbwa wa ukubwa huo, halina neno baada ya wiki ya kwanza, nalo lihesabiwe katika kiasi cha siku. Lina kilokalori 70 hivi. Lisiwe bichi. Maziwa ya ng'ombe yaacheni, wengi huwaharisha. Nyama ya kuku iliyochemshwa ni nzuri kama kionjo, lakini mbwa anayelishwa nyama na wali kwa miezi bila chanzo cha kalisi hujengewa mwili kwa madini yanayokwanguliwa kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa iliyopikwa asipewe, hupasuka vipande vikali. Mabaki ya mezani nayo nayakataa kwa sababu ya vitunguu, ambavyo vinapasua chembe nyekundu za damu. Kwa mbwa ambaye tayari ana upungufu wa damu hilo ni kumpiga aliyeanguka.

Nimesahau jambo moja kuhusu safura, Ndugu Mlezi. Viluwiluwi vya minyoo hiyo huishi kwenye udongo na huweza kupenya ngozi ya binadamu. Zoa kinyesi kila siku, vaeni viatu mnapopita pale anapojisaidia, na yule jike mzee naye apewe dawa.

Mlezi Mpya

Zimepita wiki 7 tangu niandike mara ya kwanza, na narudi nikiwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja. Nimefuata kila kitu. Baada ya wiki ya kwanza daktari wangu aliniambia tuache kuhesabu kwa uzito alio nao, tuhesabu kwa uzito tunaoutaka wa kilo 20, tuzidishe kwa 1.4, ikawa kilokalori 940 hivi, gramu 250 za chakula kikavu kwa siku katika milo 3. Daftari langu linasomeka hivi, kilo kwa wiki: 14.0, 14.3, 15.0, 15.8, 16.6, 17.1, 17.1, 17.0. Ufizi umekuwa mwekundu, manyoya yameanza kung'aa, na analala usiku mzima bila kuhama hama.

Kinachonitatiza ni hizo wiki za mwisho. Kiasi hakijapungua, kinyesi ni kigumu na cha kawaida, dawa ya minyoo amerudia, na hata mwenendo umebadilika kuwa mzuri: hali tena kwa pupa, anakula polepole, anachagua chagua, na kwa siku kadhaa sasa hubakiza punje chache. Nilifurahi nikisema hatimaye ameshiba. Je, inawezekana huu ndio uzito wake wa asili na sisi tulikadiria juu mno?

Daktari wa Mifugo Mstaafu

Hongera kwa daftari, maana bila hilo usingejua. Jibu langu ni hapana, sidhani. Mbwa ambaye bado ana upungufu wa kilo 3 habakizi chakula kwa kushiba. Niambie mambo matatu. Kinyesi ni kingi kiasi gani ukilinganisha na anachokula? Kama ni mafungu makubwa, ya rangi ya kufifia, yenye mafuta na harufu kali, na mbwa mwenyewe ana njaa isiyoisha, ningefikiria kongosho lisilotoa vimeng'enya vya kutosha, ugonjwa unaopimwa kwa damu na kutibiwa kwa kuchanganya vimeng'enya katika kila mlo. Lakini wewe unaeleza kinyume chake. Je, kuna siku kinyesi hutoka na damu mbichi au utelezi mwishoni? Minyoo mjeledi hutaga mayai kwa vipindi, hivyo kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi kuiondoa katika mashaka. Na la tatu, ambalo ndilo ninaloliwazia zaidi: wiki ya ngapi uliacha kuloweka chakula, na anatafuna upande gani?

Mlezi Mpya

Daktari, niliacha kuloweka wiki ya 5, nikiamini tumbo limeshazoea. Baada ya kusoma swali lako nilikaa chini jana jioni nikamtazama anavyokula tangu mwanzo hadi mwisho. Anaokota punje kwa meno ya mbele, anainamisha kichwa kushoto, anatafuna mara 2 au 3, na zile zinazoangukia kulia anaziachia zidondoke. Nilifagia chini ya sinia nikapima: gramu 40 kwa mlo mmoja! Yule jike mzee amekuwa akija baadaye kuzimaliza, na sasa nimejua kwa nini amenenepa.

Leo amefunguliwa mdomo akiwa kwenye usingizi wa dawa. Lile jino kubwa la juu, la upande wa kulia, lilikuwa limepasuka ubavuni hadi kiini kikaonekana, na chini ya mzizi kulikuwa na usaha. Daktari anadhani alilivunja kwa kutafuna mnyororo au mlango kule alikofungiwa. Limeng'olewa. Ninachojiuliza ni mbona wiki za mwanzo hakuonyesha dalili yoyote.

Bibi wa Mbwa Sita

Kwa sababu hakuwa anatafuna, mwanangu. Alikuwa anameza. Wewe mwenyewe uliandika siku ya kwanza kwamba alitapika punje nzima nzima. Alipopata imani kwamba kesho kuna chakula, akaanza kula kama mbwa wengine, ndipo jino likapata nafasi ya kumuuma. Nami nilikuwa na mmoja hivyo hivyo, ila yeye tuligundua baada ya shavu kuvimba chini ya jicho.

Loweka chakula tena kwa wiki 2, kiwe uji mzito. Huyo jike mfungie nje wakati wa mlo.

Mlezi Mpya

Taarifa ya mwisho, kwa faida ya watakaosoma baadaye. Wiki 5 baada ya kung'olewa jino ana kilo 19.6. Mbavu hazionekani tena ila ile ya mwisho anaponyoosha mwili, nyonga zimefunikwa, na mapaja yamejaa tangu nilipoanza kumtembeza polepole, dakika 10 kisha 20, mara 2 kwa siku. Swali langu dogo: nikome wapi? Bado anaweza kula zaidi ya ninachompa.

Daktari wa Mifugo Mstaafu

Atakuwa na uwezo huo maisha yake yote, ndugu yangu. Weka viganja vyako ubavuni bila kukandamiza, kama unavyopitisha vidole juu ya mgongo wa mkono uliokunjwa kidogo. Ukihisi kila ubavu chini ya tabaka jembamba la nyama, na ukimtazama kutoka juu unaona kiuno, umefika, hata kama mizani inasema 19.6 na wala si 20. Punguza kiasi kwa sehemu moja ya kumi, mpime baada ya wiki 2, na kama uzito umesimama, hicho ndicho chakula chake. Kinyesi kipimwe tena baada ya miezi 3 kwa ajili ya minyoo mjeledi.